Tairi lako, dada

Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi baiskeli pale Sakina, Arusha, nasubiri spoku mbili zibadilishwe, nikamwona dogo anakuja kutoka upande wa Ngaramtoni. Hakuwa ameipanda baiskeli. Alikuwa ameinyanyua mbele, anaisukuma kwa gurudumu la nyuma peke yake kama mtu mwenye toroli. Kiwiko kimechubuka, suruali imetoboka gotini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Imekuwaje tena?"

Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Dada, tairi lako limekufa."

Hakunilaumu. Huku kwetu kitu hubaki na jina la aliyekitoa. Sweta la shangazi ni la shangazi hata ukilivaa wewe miaka mitano. Tairi nilimpa mimi mwezi wa tatu, kwa hiyo ni langu. Alimaanisha hivyo tu.

Wiki zimepita, na lile "lako" halijanitoka.

## Mkato niliouziba mwenyewe

Fundi alilibandua kwa vijiko vyake viwili, akaligeuza ndani nje, akaliinua kwenye mwanga. Mahali pamoja katikati, pa urefu wa kidole gumba hivi, raba ilikuwa imekwisha kabisa. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimetokeza, kisha nyuzi zenyewe zikakatika. Tyubu ilijipenyeza hapo, ikafura nje kama puto, ikapasuka.

Kando ya tundu hilo kulikuwa na mkato mdogo wa mshazari uliozibwa kwa supa gluu. Niliuziba mimi mwaka jana, usiku, mezani jikoni, na nilijivunia ile kazi. Ndiyo maana hata kabla fundi hajasema neno nilikuwa nimelitambua tairi langu.

Dogo alikuwa anateremka kutoka Oldonyosambu. Wanaoijua barabara ya Namanga wanajua mteremko ule: mrefu, lami nzuri, upepo unakusukuma mgongoni, na malori ya kwenda na kutoka mpakani hayakosi. Alisikia mlio kama wa bunduki, usukani ukamponyoka. Aliangukia kushoto, kwenye majani.

Kulia kulikuwa na lori.

Alilitaja mara moja tu, akageukia kumuuliza fundi kama rimu imepinda. Rimu ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyebaki nalitazama lile tundu.

## Magari yametufundisha vibaya

Wengi wetu tulijifunza kuangalia tairi kwa kutazama magari. Trafiki anainama, anatazama kashata, ile michoro ya raba, anatikisa kichwa: kipara, faini. Hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba tairi lililoisha ni lile lisilo na kashata.

Sasa chukua tairi jipya kabisa la baiskeli ya resi, litoe kwenye karatasi yake. Ni kipara. Limezaliwa hivyo.

Kashata za gari zipo kwa ajili ya kutoa maji. Gari dogo lina tairi pana lenye upepo kidogo, psi 30 hivi (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), na likikimbia juu ya maji yaliyotuama linaweza kuinuliwa lisiiguse lami. Tairi la resi lina upana wa milimita 25 au 28, mgongo wake ni wa mviringo, na langu nalijaza psi 80. Linayapasua maji kama mtumbwi, na kwa mwendo anaoweza kuutoa binadamu kwa miguu yake, maji hayapati nafasi ya kuliinua. Kwa hiyo halihitaji kashata, na wanaolitengeneza hawakukosea.

Tatizo ni kwamba tairi jipya na tairi linalokaribia kufa, ukiyatazama kwa hatua mbili, yanafanana kama ndugu wa tumbo moja.

Inabidi usogee, na inabidi uguse. Mgongo wa tairi jipya ni kama wa yai. Ukipitisha kiganja hakikwami popote. La nyuma likishatumika huwa bapa katikati, na pande mbili za ubapa ule zinajitokeza kingo ambazo vidole vinazisikia hata gizani. Hiyo ni dalili ya kwanza, na ndiyo ya upole. Nyuzi zikionekana, hata uzi mmoja, mazungumzo yamekwisha, kwa sababu nyuzi ndizo zinazoshika upepo. Raba ni soli tu ya kiatu. Nundu ubavuni ni hivyo hivyo: nyuzi zimekatika ndani, na raba peke yake haiwezi kuzuia psi 80. Nyufa za jua sizisemei sana. Anayenunua mtumba anazijua.

Kuna wanaokurahisishia kazi. Matairi ya resi ya Continental, kwa mfano, yana vitundu viwili vidogo kwenye raba ya juu, kila kimoja kama kichwa cha pini. Kadiri raba inavyolika, vitundu vinapungua kina, na siku usipoviona, umefika. (Wana Arusha wa rika langu wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine: Wajerumani hao walikuwa na hisa katika General Tyre, kiwanda chetu cha tairi za magari, enzi za harufu ya raba na magari ya wafanyakazi asubuhi. Kila ninapobadilisha tairi nalisoma jina ubavuni, nakumbuka geti lile lililofungwa.)

Tairi nililompa dogo halikuwa na vitundu. Lilinitaka nitumie macho na kidole gumba, na macho yangu yalikuwa yameshaamua yanataka kuona nini.

## Pancha tatu, siku kumi na mbili

Nirudi nyuma kidogo, mwezi wa pili, tairi lile likiwa bado langu kwelikweli, kwenye gurudumu la nyuma.

Pancha ya kwanza niliipata karibu na Kisongo. Mbigili. Nikaichomoa, nikabadilisha tyubu, nikaendelea. Siku tano baadaye ikawa waya, vile vinyuzi vya chuma vinavyobaki pembeni mwa barabara tairi la lori likipasuka. Vyembamba kama unywele, na usipokipata kwa ncha ya kidole kitatoboa tyubu mpya pia. Ya tatu ilikuwa kipande cha chupa, kidogo kama punje ya chumvi ya mawe.

Kila pancha ilikuwa na mkosaji wake. Mbigili, lori, mlevi. Nilikuwa na mashahidi watatu, na hakuna hata mmoja aliyelitaja tairi.

Nilimweleza fundi hivyo hivyo, kwa uchungu, huku akiitafuta pancha ya tatu kwenye beseni la maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mbigili zilikuwepo mwaka jana. Waya zilikuwepo. Chupa ndiyo usiseme. Kilichobadilika ni nini?"

Nilinyamaza. Raba ya tairi jipya la aina ile ni kama milimita mbili tatu. Kila siku mwaka mzima nilikuwa nakanyaga mbigili na waya, na raba ilikuwa inavizuia kabla havijafika. Sikuwahi kuvihesabu, kwa sababu pancha ambayo haikutokea haina siku yake. Zilipoanza kutokea nikadhani barabara imeharibika.

Naamini hiyo ndiyo dalili ya kweli kuliko zote, na ndiyo tunayoipuuza kuliko zote. Mtu akikuambia "siku hizi nina bahati mbaya na pancha," mwambie aguse tairi la nyuma.

La nyuma, maana ndilo linalokwisha kwanza. Sehemu kubwa ya uzito wako imelikalia, na kila unaponyonga pedeli, nguvu yote ya miguu inashuka lamini kupitia hapo. Langu lilikuwa limenyonga kilomita elfu tano na kitu. Watu huulizana lini hasa, elfu tatu? elfu sita? Sina hamu na namba hizo. Lami yetu ya kokoto inakula raba kuliko lami laini, mzito anakula kuliko mwepesi, na anayekaba breki ya nyuma mpaka gurudumu liburuzike anaweza kulimaliza tairi kwa msimu mmoja.

Nikakubali. Nikaagiza jipya Nairobi, likaja na mtu wa basi, laki na nusu pamoja na usumbufu.

Usumbufu huo wauelewe wasiopanda resi. Duka la baiskeli Arusha limejaa matairi mpaka darini, karibu yote ya Phoenix, zile baiskeli nzito za mizigo, na ndugu zake, yale ya inchi 28. Macho yanakudanganya kwamba litaingia. Lisome ubavuni: limeandikwa 635. La resi ni 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu, na tofauti ni 13 tu, lakini halitakaa hata ukilibembeleza siku nzima. Ndiyo maana tairi la resi, hata lililochoka, kwetu lina thamani. Halitupwi.

Langu nililiosha, nikalitundika stoo kwenye msumari.

## "Bado lina maisha"

Dogo alikuwa ameanza kunyonga baiskeli nasi, kikundi chetu cha Jumamosi, tangu Desemba. Baiskeli yake ni mtumba mzuri, fremu imara, lakini matairi aliyoyakuta nayo yalikuwa yamepasuka nyufa pande zote kama udongo wa kiangazi. Siku moja ya mwezi wa tatu nikamwita nyumbani, nikalitoa tairi msumarini, nikampa.

"Bado lina maisha," nikamwambia.

Sentensi hiyo nimeigeuza kila upande. Nilijua nini nilipoisema? Nilijua ubapa wa katikati. Nilijua pancha tatu. Nilijua swali la fundi na jibu lake. Nilikuwa nimelipa laki na nusu ili nisilikalie tena tairi lile. Na bado sikudanganya. Niliamini kabisa ninachokisema. Hapo ndipo panaponisumbua. Tairi lilelile, siku ileile, lilikuwa limekwisha kwa ajili yangu na halijaisha kwa ajili yake, na sikuona mgongano wowote.

Nilikuwa na sababu, na si za kijinga. Dogo ni mwepesi, hata kilo 55 hafiki. Alikuwa anapanda baiskeli kwenda dukani anakofanya kazi na kurudi. Aliyokuwa nayo yalikuwa mabaya zaidi, hilo ni kweli tupu. Na nimelelewa na watu ambao kutupa ni aibu. Tairi la lori likiisha ni katambuga. Tyubu ni mpira wa kufungia mzigo, ni manati, ni kamba ya mlango wa banda la kuku. Tairi la Phoenix likichanika, fundi analishona kwa uzi wa nailoni, anaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, na mwenye mkaa anapiga nalo miezi.

Ule ushonaji nauheshimu. Nimekaa kwenye benchi lile nikitazama sindano inavyopita, na ni ufundi wa kweli. Lakini Phoenix ya mkaa inatembea mwendo wa mtu anayekimbia, na ina tairi nene. Fundi mwenyewe hajawahi kunishonea la resi. Nilipomwomba mara moja, miaka mitatu iliyopita, alikataa. "Hili linakwenda kasi sana," alisema. Yeye alikuwa anauliza tairi linakwenda wapi. Mimi nilipolitoa msumarini sikuuliza.

Maana kufikia mwezi wa tano dogo hakuwa mtu wa dukani na kurudi tena. Miguu ilikuwa imemkubali. Alikuwa anapanda Oldonyosambu na wakubwa, tukimshangilia.

Na kila anayepanda atateremka.

## Kwa nini lilikuwa mbele

Kuna jambo lililonichukua siku nzima kuliona, na nilipoliona nilikuwa nafua. Niliacha nguo kwenye beseni nikakaa chini.

Tairi nililompa lilitoka kwenye gurudumu langu la nyuma. La dogo lilipasukia mbele.

Tairi la nyuma likipasuka, baiskeli inayumba, unaisikia imekaa chini kama punda aliyechoka, unafunga breki taratibu, unasimama. Limenitokea. La mbele ndilo linalokuongoza na ndilo unalosimamia mizani. Likipasuka kwenye mteremko, huna usukani. Ndiyo maana kuna kanuni moja ambayo kila mnyongaji anapaswa kuijua hata asipojua nyingine: tairi zuri zaidi linakaa mbele. Marehemu Sheldon Brown, yule fundi wa Massachusetts, Marekani, aliyefariki mwaka 2008 akiwa amewafundisha wanyongaji wengi duniani, aliieleza wazi: la nyuma likiisha, usiweke jipya nyuma ukaridhika, hamisha la mbele liende nyuma, jipya liende mbele. Kulitoa lililolika nyuma ukalipeleka mbele aliliona ni kosa.

Kwa hiyo nilipolikuta tairi langu la nyuma limefungwa mbele kwenye baiskeli ya dogo, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amekosea. Kesho yake nilimpigia simu, ili nimweleze.

"Lakini dada, si wewe uliniambia?" akasema. "Lile zuri liende mbele."

Ni kweli. Nilimwambia mwezi wa kwanza, tumekaa Kisongo tunakunywa chai, nikimwonyesha kwa mikono. Alinisikia, akashika. Nilipompa tairi langu akalilinganisha na yale yake mawili yenye nyufa, akaona wazi lipi ni zuri. Alifanya sawasawa na nilivyomfundisha.

Langu ndilo lililokuwa zuri.

Sikuwa na neno la kumjibu. Nilimuuliza kiwiko kinaendeleaje.

## Nyuma tu

Sijaacha kutoa matairi. Nilifikiria kuacha. Kwa wiki mbili niliona afadhali nikate kila tairi ninalolitoa vipande viwili ili mtu yeyote asije akalipanda, na nilimwambia fundi hivyo. Alikasirika kidogo, kwa adabu yake. Alisema nikifanya hivyo vijana watarudi kwenye yale ya nyufa, na mimi nitalala usingizi mzuri.

Alikuwa sahihi, na lile la dogo alilikata yeye mwenyewe, mbele yangu, kwa kisu cha kiatu. Mbavu zake zilikuwa bado nzima. Alizikata vipande vya urefu wa kidole, akaviweka kwenye kopo lake. Tairi la mtu likichanika njiani, kipande kimoja ndani ya mkato kinaweza kumfikisha nyumbani. Sehemu ya katikati akaitupa kwenye pipa.

Kilichobadilika ni kidogo, na sina hakika kinatosha. Kila nikifunga tairi jipya naandika kwa kalamu ya wino, upande wa ndani pasipofika jua, mwezi na mwaka. Nikilitoa naandika kilomita na pancha zote, hata zile nilizozilaumia mbigili. Halafu nalipitisha kwenye mwanga wa dirisha, nalikunja kwa vidole sentimita baada ya sentimita, bila haraka, nikijiuliza kama ningelirudisha kwenye baiskeli yangu leo na kushuka nalo Oldonyosambu. Nikijibu hapana, linakwenda kwenye kopo la fundi. Nikijibu labda, hapo ndipo pagumu, na labda ni nyingi kuliko hapana.

Mwezi huu nilikuwa na labda moja. Lilikuwa langu la mbele la siku nyingi. Nimelihamisha nyuma miezi michache, mgongo umeanza ubapa, nyuzi hazionekani, pancha moja tu. Dogo amepata jipya la mbele. Tulichangishana wanyongaji wa Jumamosi. Nyuma bado ana la nyufa.

Nilimpelekea dukani kwake. Kabla sijampa nililigeuza, nikamwonyesha mwandiko: tarehe, kilomita 3,800, pancha moja, na chini yake kwa herufi kubwa, NYUMA TU, MWISHO DESEMBA.

Akalisoma kwa makini, akipitisha kidole chini ya kila neno. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya mgongo wa tairi, polepole, mzunguko mzima, kama fundi anavyofanya.

"Na Desemba ikifika sina jingine?"

Nikamwambia anipigie simu mwezi wa kumi na moja. Akatoa simu yake hapo hapo, akaweka alamu.